Siku Ina Kilo Ngapi

Saa kumi na moja alfajiri mwili unaamka wenyewe.
Hakuna aliyeuambia kwamba tumesimamishwa.
Mvua ya Tukuyu iko juu ya bati,
ileile ya jana, yenyewe haijapewa likizo.
Navaa mabuti. Nakaa kitandani na mabuti.
Kisha navua moja,
maana mabuti mawili ni ya mtu anayekwenda mahali.

Miaka kumi na tatu nilisimama kwenye banda la majani ya chai,
ndoano juu, daftari mkononi,
wakulima wakinitazama mdomo
kama wanaosubiri hukumu.
Kilo kumi na nane na nusu, Mama Sekela.
Toa nusu ya maji.
Ndivyo tulivyoagizwa: mvua ikinyesha, toa nusu.
Nami nilitoa, hata jua lilipokuwa limetoka.

Meneja alisema, "Ni kwa muda tu."
Neno hilo nimelipima kila upande:
halina uzito wowote,
ila kulibeba kunachosha.

Wiki ya kwanza nilifagia ua mpaka udongo ukawa mweupe.
Nikapanga kuni kwa urefu,
nikazipangua, nikazipanga kwa unene,
mpaka Atupokile akatoka jikoni akaniambia,
"Baba Lugano, kuni ni za kuchoma."

Basi nikatoka.
Mkaa bure si sawa na mtembea bure, walisema wahenga,
hawakusema mtembea bure anarudi nyumbani na nini.
Nilikaa kwa fundi redio nikimshikia bisibisi.
Nilijua bei ya parachichi ya kila mnunuzi, nami sina hata mche.
Niliamkia watu mmoja mmoja, polepole,
ili salamu zinifikishe saa sita.
"Za kazi?" wanauliza, salamu tu,
hakuna aliyekusudia kitu.
"Nzuri," najibu, kama wote,
na kuongeza mwendo kabla neno halijadondoka.

Halafu siku ya soko, Kiwira.
Dalali wa viazi amelivisha gunia kofia,
lumbesa imevimba kama shavu la mtoto mwenye jino bovu,
naye anaapa: kilo mia, mama, haizidi hata punje.
Mama Sekela kasimama na kanga yake iliyolowa.
Mkono wangu ulikwenda wenyewe.
Nikaliinamisha gunia begani kidogo,
nikasikiliza.
"Mia na thelathini na mbili."

Wakacheka. Wakaleta mizani kutoka duka la pembejeo.
Mia na thelathini na moja na robo tatu.

Dalali akatema mate, akahesabu noti upya.
Watu wakanipigia makofi ya begani,
nami nikasimama wima kidogo,
mara ya kwanza tangu Februari.
Mama Sekela hakupiga makofi.
Aliniangalia kwa muda, akasema taratibu:
"Kumbe mkono wako ulikuwa unajua."

Akanitilia viazi vitano kwenye kofia.
"Ndaga," akasema, akaondoka.
Sikuvipima vile viazi.

Sasa siku za soko wananiita.
Mara napewa mkungu wa ndizi, mara buku mbili,
mara maneno matupu.
Si kazi. Simu bado naiweka chaji,
nikiamini kiwanda kitapiga,
na mabuti yote mawili yanarudi na tope.

Lakini usiku, Atupokile akishalala,
nashusha darini madaftari yangu ya zamani,
nawasha kibatari, nachonga penseli kwa kisu.
Mama Sekela, nusu.
Mzee Mwambungu, nusu, na nusu.
Yule binti wa Masoko aliyekuja na mtoto mgongoni, nusu.
Najumlisha.
Sijui nusu za watu zinarudishwa kwa njia gani,
wala nani atazilipa, nikiwa na viazi vitano.
Nimefika mwisho wa Januari.
Kesho Februari; halafu Machi,
mwezi ule mvua haikukatika hata siku moja.