Mgongo wa Gauni

Nimelikuta ndani ya mfuniko wa sanduku la bati,
limebandikwa kwa uji wa mtama, pembe moja imeliwa na mende:
tangazo la cherehani, mwaka sitini na sita,
na juu, kwa herufi nyekundu,
MWANAMKE WA KISASA HUSHONA NYUMBANI.

Mwanamke huyo ni shangazi Nyemo.
Amekaa wima kama mtu anayepimwa homa,
mguu juu ya pedali, kidole karibu na sindano,
na ukitazama vizuri, sindano haina uzi.

Alinisimulia akichambua mlenda, hakuniangalia:
"Studio ilikuwa Uhindini, hatua chache toka stesheni.
Nje vumbi la Dodoma linakula macho,
ndani bustani ya rangi ukutani,
maua ambayo hata mbuzi asingeyatambua.
Viatu vya mke wa mpiga picha. Vikanibana, nikatabasamu.
Ndewe zangu, alizonitoboa bibi kwa mwiba
akazitanua mwaka hadi mwaka,
wakazificha kwa kitambaa cha hariri,
eti mteja hatazielewa.
Na gauni, mwanangu! Pana, la mwanamke mwingine.
Wakalikaza nyuma kwa vibanio vya kuanikia nguo.
Saba. Nilivihesabu kwa uti wa mgongo."

Picha haivionyeshi.
Picha inaonyesha kiuno.

Walimlipa shilingi kumi na mche wa sabuni.
Aliomba cherehani, wakacheka kwa adabu.
Aliomba gauni, likarudi kwenye hanga.
Basi akaliiba kwa macho:
kola, marinda manne, mfuko wa uongo upande wa kushoto,
akapanda gari moshi hadi Gulwe
akiyarudia midomoni kama anayekariri deni.

Miaka mitatu ya karanga ikamnunulia cherehani kuukuu,
ya mkono, isiyo na pedali wala tangazo.
Wanawake wa Mpwapwa wakaja, vitambaa kwapani:
"Tushonee lile la kwenye picha."
Mbele alikujua, hata akiwa amefumba macho.
Mgongo wake hakuwahi kuuona.
Ikabidi autunge.

Mimi nimekulia nyuma ya migongo hiyo,
kwenye foleni ya maji, kwenye mabenchi ya kanisa,
nikihesabu badala ya kusali:
vifungo saba vya kitambaa, shingoni hadi kiunoni,
kila kimoja pale pale
kibanio kilipokuwa.