Namba Kumi na Saba

Siku ya nne nilikwenda kulichukua.
Risiti ya faini mfukoni, imekunjwa mara nne.
Koplo Masunga hakuuliza hali.
"Wewe ndiye wa sangara?"
Nikasema ndiye.

Lilikuwa nyuma ya kituo,
kati ya bajaji isiyo na magurudumu
na pikipiki zilizofungwa mnyororo mmoja kama mateka.
17, kwa chaki, juu ya kioo.
Harufu ilinilaki kwanza:
samaki wa mama mkwe, kilo sita za Mwaloni,
wamelala kwenye buti tangu Ijumaa ile
niliyoteremka Mabatini nikiimba.

Mahakamani niliyakiri yote, isipokuwa hili:
sikumbuki taa ya kushoto ilivunjikia wapi.
Nikachuchumaa. Nikatafuta kwa vidole.
Unyoya mmoja, mweusi, wa korongo wale wa jalalani,
umenasa kwenye ufa.
Ndege.
Mungu wangu, ndege.
Koplo akadhani nalilia taa.
"Vioo vipo Nyakato," akasema, "bei ya kuongea."

Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma kabisa;
aliyelileta hapa ana miguu mirefu
na usiku ule alijua anakokwenda.
Nkwimba akanyoosha mkono bila kunitazama.
Nikampa ufunguo, na uzi wa polisi juu yake.
Akavuta kiti mbele. Akageuza kioo.
Akasubiri nifunge mkanda.

Jalalani Igogo makorongo walikuwa wamesimama.
Tukawamwagia sangara.
Walikula.
Mimi nilikuwa najaribu kuona yupi hayupo.