Hayakujitambulisha

Alikuja Jumatatu na bahasha ya kaki iliyovimba,
karatasi zake zimejikunja, zinanuka tope.
"Jina?"
"Sikudhani Pazi Mkwavi."
Nikaandika, kalamu ikasita:
dawatini kwetu, ghorofa ya nne,
hilo ni jina la kila anayeleta lalamiko.

Cherehani sita. Majora kumi na tisa ya kitenge.
Friji la kuuzia juisi ya ukwaju.
Duka lipo Jangwani, hatua arobaini kutoka ukingo wa Msimbazi.
Ada ya bima alilipa kila Januari, kabla hata ya karo,
na stakabadhi kaziunga kwa pini ya kushonea.

Bwana Rweyongeza wa kampuni, tai imenyooka,
akafungua ukurasa wa kumi na moja,
kifungu cha nne, herufi ce:
maji ya mvua yakipitia paa, tunalipa;
maji ya mto yakipitia mlango, hatulipi.
"Sasa mama, yako yalipitia wapi?"

Akamtazama kama anavyomtazama mteja
aliyeleta suruali ipunguzwe na hajui kiuno chake.
"Mwanangu, yalikuja saa nane usiku.
Hayakupiga hodi.
Hayakujitambulisha."

Nilicheka, nikajifanya nakohoa.
Sheria haicheki. Sheria inauliza:
alisomewa? Kwa lugha gani?
Wakala aliyemshika kidole akakichovya kwenye wino,
ana leseni, au ana koti tu?
Niliisogeza karatasi mbali, nikaisogeza karibu.
Kifungu kizima kingepita tundu la sindano
na nafasi ikabaki.

Nikamwomba Bwana Rweyongeza atusomee tena,
safari hii kwa Kiswahili.
Akaanza vizuri. Akafika kwenye "isipokuwa",
akakwama,
kama uzi uliojisokota ndani ya bobini.
Bi Sikudhani ndiye aliyemsubiri kwa upole;
amezoea mafundi wanaojifunza.

Uamuzi bado. Faili lina siku zake.
Nimeandika mstari mmoja tu: kampuni ilete fomu ya kwanza,
ile yenye dole gumba.

Usiku, Tabata, nikautoa kabatini mkataba wa nyumba yangu,
mimi ninayelipwa mshahara kwa kusoma ya wenzangu.
Plastiki yake sijawahi kuichana.
Umeme ulikuwa umekatika.
Nikawasha tochi ya simu,
nikatafuta ukurasa wa kumi na moja.