Msimu wa Misindano

Saa kumi na mbili asubuhi, juu ya Matamba,
jalidi imeyakausha majani, yanalia chini ya buti.
Tuko tisa. Mkataba wa miezi mitatu,
Juni mpaka Agosti, kisha kila mtu na kwao.
Nyapara wetu, Tweve, hasalimii kabla hajakagua:
kofia, miwani, suruali nzito ya kuzuia meno.
"Mnyororo haujui jina la mtu," husema,
ndipo sasa, "Kamwene."

Siku ya kwanza nilivuta kamba mara kumi na nne.
Chenso ikakohoa, ikatema moshi, ikanyamaza.
Anyelwisye wa Tukuyu alicheka mpaka zamu yake ilipofika;
akavuta mara kumi na saba.
(Nilihesabu. Hata leo namkumbusha.)

Sasa naijua.
Petroli vipimo hamsini, oili kimoja.
Tupa husukumwa mbele tu, jino kwa jino,
ukiirudisha umelidhulumu.
Kwanza mdomo, upande unaotaka mti ulale.
Kisha nyuma, polepole, na usimalize:
acha bawaba, unene wa vidole viwili,
maana mti nao ni mlango,
na mlango usio na bawaba humwangukia aliyebisha.

Tunachokata ni misindano ambayo hakuna aliyeipanda.
Mbegu zake zina bawa moja, nyembamba kama ganda la kitunguu;
ziliruka mpaka wa hifadhi bila kibali
zikaota kati ya nyasi, mahali pa maua.
Haina kosa jingine.
Ila kivuli chake kikikua, vile viazi vidogo vya maua
vitalala chini ya ardhi Desemba hadi Desemba,
visikie mvua, visijue kwamba wameitwa.

Shamba la baba liko ng'ambo ya korongo.
Ekari mbili na nusu, misindano mitupu.
Safu nne za juu zilikuwa ada ya kidato cha kwanza.
Za bondeni: godoro, sanduku la bati, ndoo mbili.
Upepo wa Agosti hutoka kwake, huja kwetu.

Sikumwambia. Akajua.
Jumapili moja, anamenya kiazi cha moto, hanitazami:
"Mnalipwa shilingi ngapi kukata wajukuu zangu?"
Nikamtajia.
Akapiga mluzi.
"Kuwazaa hakukuwahi kunilipa hivyo."

Jumanne ya mwisho, mmoja ulitukatalia.
Mnene, umepinda, umesimama ukingoni peke yake.
Nilikata mdomo, nikakata nyuma, nikagonga kabari,
na upepo ukageuka.
Ukaukalia upanga wa chenso. Kimya.
Nilisikia nyuzi za mbao zikikatika ndani, moja, moja,
kama mtu anayevunja vidole vyake akifikiri.
Orpa alipiga kelele jina langu, si lile la kwenye orodha,
lile la nyumbani, sijui alilitoa wapi,
na miguu yangu ikaitika kabla yangu.
Mti ulipita pale nilipokuwa.

Hakuna aliyesema kitu. Tweve akawasha sigara,
akaisahau, ikamuunguza kidole.
Jioni maharage yalimwagika kutoka kijikoni;
mkono wangu ulikuwa bado unanguruma.

Tulilipwa. Tukaagana pale stendi kwa kusukumana mabega.

Desemba, mvua ya tatu, nilipanda peke yangu.
Hapakuwa na zulia la maua kama kwenye kalenda.
Palikuwa na kisiki, chungu ya vumbi la mbao lililooza,
na ua moja, la manjano, madoa ya kahawia kooni,
dogo kuliko kisoda.
Shibiri moja kutoka hapo, umesimama wima kama mgeni wa heshima,
mche wa msindano, urefu wa vidole vitatu.

Niliung'oa kwa mkono. Mizizi ikatoka na udongo wake.
Sikuutupa; sijui kwa nini.

Nyumbani baba aliupokea, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango.
Alikaa nao muda mrefu.
"Kalete kopo," akasema.