Maneno Matatu

Nesi wa Kitete aliniuliza kwanza, kabla ya kuyataja:
"Bibi Nyamizi, nikikupa maneno matatu,
baada ya robo saa utakumbuka mangapi?"
Mawili, nikamwambia.
Akacheka. Wenzako, anasema, huapa yote,
wakatoka hapa mikono mitupu.

Mimi siapi. Miaka thelathini na moja
nimekaa ofisi ya vifurushi, stesheni ya Tabora,
nikiandika kila gunia, kila debe la asali.
Mizigo hupotea.
Ukarani ni kujua ni upi.

Akataja: sindano. Mhunzi. Papai.
Tukaongea bei ya mchele, mvua iliyotudanganya,
mama yake wa Sikonge (nilishamjua kwa pua).
Robo saa ikafika.
Sindano, nikasema. Papai.
La katikati nikaliona mgongo tu,
kama mtu anayekata kona pale Kanyenye:
shati unalijua, mwendo unaujua,
sasa umwite nani?
"Linaanza na m," nikamwambia. "Lina moshi.
Usinitajie."

Hakunitajia. Akaandika: mawili kati ya matatu.
Nikamwomba aandike pia
kwamba nilisema mawili.
"Hapana nafasi ya hilo, Bibi."

Njiani nikajipima kwa mizani yangu:
Mabama, Usoke, Urambo, Kaliua,
Usinge, Nguruka, hadi Uvinza kwenye chumvi,
sikuruka hata kituo kimoja.
Lakini ufunguo wa nyumba
uko kwenye pindo la kanga, fundo mara mbili,
maana namfahamu huyu ninayeishi naye.
Hana ubaya. Hutia chumvi mara ya pili.
Humwita mjukuu kwa jina la mjomba wake,
kisha akanigeukia nimsahihishe.

Kabula, binti yangu, anasema: Mama, unasahau.
Najua, mwanangu. Hilo sijalisahau.
Siku nitakayokwambia sisahau kitu,
siku hiyo ndiyo uje na begi.

Saa nane usiku treni ikapiga honi.
Nikaketi kitandani.
Mhunzi.
Nikalisema kwa sauti, chumba kizima peke yangu,
nikawasha taa,
nikaliandika nyuma ya kadi ya kliniki,
na saa, na tarehe:
mzigo umechelewa, umefika, kamba imelegea,
mwenyewe hayupo wa kutia sahihi.

Nikatia mimi.