Kurasa za Faili Zilizobadilishwa

Maneno manane. Niliyaandika mwenyewe, mwezi wa tatu,
mvua ikipiga bati la ofisi yetu ya Nkuhungu:
"Amri hii huandika diskini kurasa za faili zilizobadilishwa."
Nikayasoma mara mbili. Maji matulivu.
Nikageuza ukurasa.

Mwezi wa nane Chilongani akapiga simu toka Hombolo.
Yeye ndiye anayetunza programu ya mizani
pale zabibu zinapopimwa.
"Dada Sechelela, nina swali la kijinga.
Kilichobadilishwa ni kipi? Kurasa, au faili?"

Nikacheka.
Kisha sikucheka.
Zi- ya kurasa, zi- ya faili:
mapacha mlangoni, sare moja,
na mimi niliyewavisha
siwezi kumwambia mgeni yupi ni yupi.

Chilongani alikuwa amesoma faili.
Aliamini ukigusa tarakimu moja
mzigo wote unashuka diskini, msimu mzima, kila kreti,
akaihurumia ile diski kuukuu,
akawa anaiamuru mara moja tu, usiku.
Saa kumi na moja jioni umeme ukakatika.
Siku nzima ya kupima ilikuwa bado kwenye kumbukumbu,
na kumbukumbu ya mashine, taa ikizima,
haina hata ndoto.

Ningeandika "mafaili", wangetengana.
Lakini mhariri wetu Mbijima hataki mafaili:
kwake faili ni faili, moja au elfu.
Nikahamisha neno, nikalirudisha.
Nikatia mkato, nikaufuta.
Chai ikapoa, ikaota utando.
Jioni nikapata hii, ina tumbo, haina sura:
"Amri hii huandika diskini zile kurasa tu zilizobadilishwa;
kurasa nyingine za faili haizigusi."
Kumi na matatu. Mbijima akaguna, akapitisha.

Sasa Chilongani anaamuru kila kreti inapopimwa,
anasema diski hata haikohoi.
Ila kreti kumi na nne za Mama Nhonya
ziko kwenye daftari lake tu, kwa kalamu ya risasi,
na chama kinataka karatasi ya mashine.
Nimewaandikia barua. Hawajajibu.

Vumbi la Septemba limeingia hadi kwenye kibodi.
Nimefika ukurasa wa tisini na moja:
"Mchakato ukifunga faili, ramani yake hubaki."

Yake nani?