Nafasi Nne

Bi Tumwitikege alirudi na risiti mkononi,
imelowa pembeni, maana Tukuyu mvua haiulizi ratiba.
"Kilo arobaini na moja ni zangu, sikatai.
Lakini mbona jina langu limesogezwa huko
kama mgeni aliyekosa kiti?"

Nikatazama. Kweli.
Jina la chama limeshika ukingo wa karatasi;
jina lake, kilo, makato, salio,
vyote vimeingia ndani nafasi nne.

Programu niliiandika usiku, ghalani,
harufu ya chai mbichi ikinikaba koo.
Nilifungua alama tatu za kunukuu
nikamwaga risiti nzima humo, kama ilivyo,
nikidhani mashine itajua
kipi ni maneno na kipi ni unadhifu wangu.

Haijui. Ndani ya alama zile tatu
kila kitu ni neno. Hata kimya.
Nafasi niliyoacha ili msimbo upendeze,
ukae vizuri ndani ya kitanzi chake,
ilisafiri hadi kwenye karatasi ya mtu.

Nikaivuta mistari yote kushoto.
Risiti ikanyooka, programu ikaharibika sura,
kama matuta yaliyolimwa kufuata mteremko:
mvua moja tu, udongo uko mtoni.
Basi nikashona kipande kwa kipande,
mkwaju wa nyuma na herufi n kila pindo,
nikapotea pindo la kumi na moja.
Lusajo wa mizani akacheka:
"Unaandika, au unashona gunia?"

Kumbe ipo amri moja, fupi,
hupima ujongezo ulio wa wote
na kuukata huo tu.
Aliyeingia zaidi kwa sababu zake, huachiwa zake:
mbolea, usafiri, mchango wa chama
vikabaki vimejikunja chini ya Makato.

Ukasalia mstari mtupu kule juu,
uliozaliwa nilipofungua alama nikashuka chini kabla ya neno.
Nikaufuta.
Ule mwingine, kati ya makato na salio,
niliuacha. Si kosa.

Jumanne Bi Tumwitikege hakusifu kitu.
Alishusha kidole ukingoni, jina, kilo,
mbolea, usafiri, mchango,
akafika pale patupu, akasimama,
akavuta pumzi.